Mshipa wa Mjomba na Maneno Mawili

Niliruka maneno mawili. Hayo tu. Sikuiba, sikupigana, sikumpa mtoto wa mtu mimba, mambo ambayo wenzangu wa kidato cha tatu walikuwa wanayafanya mwaka jana bila hata kubadilisha sura. Nilikuwa nasoma barua mbele za watu, nikafika palipoandikwa "mshipa mkubwa wa damu", nikasoma "mshipa mkubwa" nikaendelea na safari yangu. "Wa damu" nikayaacha pale pale kwenye karatasi.

Mtu wa mbali atauliza kosa liko wapi. Sasa hapa Bariadi ukisema mwanaume ana mshipa, hakuna anayefikiria damu. Wanafikiria suruali. Wanafikiria ule uvimbe wa huko chini unaomfanya mtu mzima atembee kama amebana mtungi katikati ya mapaja, na watoto wakimfuata nyuma wanamwigiza. Nilijua hivyo. Ndiyo maana niliruka.

Barua ilitoka Uingereza, kwa kaka mkubwa wa mama, ambaye sijawahi kumwona. Aliondoka kabla sijazaliwa, akaishia kufagia mabehewa ya treni huko, na kwa miaka yote hiyo alichotutumia ni kalenda moja yenye picha za mbwa. Lakini barua yake ikifika inasomwa kama Injili. Watu wanaitwa, chai inachemshwa. Anayewaita ni mjomba wangu wa pili, anayemfuata huyo kwa kuzaliwa, ambaye yeye hakwenda popote.

Huyu wa pili ndiye ninayemwita mjomba, na ndiye habari yenyewe. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na wakulima walikuwa wanasema mizani yake ina njaa. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, mjomba akajiona ndiye aliyeruhusiwa peke yake. Akapata mizani yake, ghala lake la mabati, pikapu kuukuu yenye maandishi ya Kijapani ubavuni, na koti la suti la mtumba ambalo lebo ya kwenye mkono hakuibandua, watu wasije wakadhani lilishonwa Maswa. Koti lilimzidi. Mjomba ni mwembamba kama mpini wa jembe, ila alikuwa anatembea akitanguliza tumbo ambalo hana, kwa sababu tajiri anatakiwa awe nalo.

Kusoma anajua, lakini mbele za watu hasomi. Husema miwani imebaki kwenye pikapu. Miwani hiyo tangu niifahamu haijawahi kushuka kwenye pikapu.

"Haya msomi," akaniambia siku hiyo. "Tusomee kaka anasemaje. Sauti itoke."

Tulikuwa ghalani kwake. Yeye kwenye kiti cha kulalia, mama kwenye benchi, karani wake wa mizani, dereva wa lori lake la kukodi, na mzee mmoja jirani ambaye hutokea kila panaposikika mlio wa vikombe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu. Mjomba wa Uingereza husalimia mpaka ng'ombe waliokufa. Nikasoma zote kwa unyenyekevu, wasinishuku. Ukurasa wa pili nikakohoa kidogo.

"Walinipima, wakakuta mshipa mkubwa umepanuka," nikasoma, sura kama ya padri. "Umefika sentimita tano. Na wewe mdogo wangu, jambo hili liko kwenye ukoo wetu. Usione haya, nenda na wewe ukapimwe."

Dereva ndiye aliyeanza, kwa kikohozi. Karani akainama kutafuta kitu sakafuni.

"Tano?" yule jirani akauliza taratibu. "Tano ni mtoto huyo. Marehemu shemeji yangu, wa kwake ulikuwa unapakatwa."

"Ulaya wanawahi," dereva akasema. "Sisi huku tunangoja ukomae."

"Na wewe bosi," karani akatokea chini, macho yana machozi, "wa kwako uko kwenye ngapi?"

Mjomba akasimama. Hapo alikosea, kwa sababu macho ya watu wote yaliteremka kwa pamoja. Akakaa.

"Inatosha," akasema. "Kaka amezeeka vibaya. Kachome hiyo karatasi."

Mama alikuwa hajacheka. Aliniangalia mimi, akaiangalia barua mkononi mwangu, akanywa chai yake. Mimi nikaikunja barua vizuri nikaichomeka kwenye daftari la jiografia. Kitu kizuri kama kile hakichomwi.

Utani wangu huwa unakufa siku ile ile. Huu ulikua. Kabla ya wiki kuisha, mkulima akileta pamba ghalani, mjomba akisogeza mawe ya mizani, mkulima anauliza kwa adabu kabisa, "Sentimita ngapi leo, mzee?" Na mjomba anajua, na mkulima anajua kwamba mjomba anajua, na pamba inapimwa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Siku ya mnada, muuza dawa mmoja aliacha wateja wake akaja na kifuko cha mizizi na maelezo ya jinsi ya kujifukiza. Mama mmoja wa kanisani akaleta kifuko cha pili. Mjomba alikuwa anaposa mke mdogo kule Kalemela, binti wa wavuvi. Wale watu wakatuma neno kwamba hawana haraka, mzee ajitazame afya kwanza.

Mimi nilikuwa mfalme. Shuleni nilirudia kile kisa mapumziko baada ya mapumziko, nikiongeza kikohozi cha dereva na macho ya karani. Wanafunzi wenzangu ni watu wa kucheka hata mwalimu akidondosha chaki, kwa hiyo sijivuni sana. Lakini nilijivuna.

Mjomba akaacha kuja kwetu. Zamani kila Jumapili alikuwa anapita na pikapu, anapiga honi mlangoni kama vile sisi ni hoteli. Sasa akawa anapita moja kwa moja. Mama alisikia mlio wa injini ukija, ukipita, ukiisha. Akasonga ugali.

Wiki ya tatu akanituma kwa mjomba na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ambavyo mjomba tangu atajirike alikuwa anasema ni chakula cha maskini na huku anavitafuna kwenye pikapu vioo vikiwa vimefungwa. Nilimkuta ghalani peke yake, mchana, amelala chali kwenye kile kiti chake. Koti limetundikwa kwenye msumari, vifungo vya shati amevifungua. Kikokotoo chake, kile kikubwa cha kutumia jua, alikuwa amekiweka juu ya tumbo.

Kikokotoo kilikuwa kinaruka.

Si kwa pumzi. Pumzi ingekipandisha na kukishusha taratibu. Hiki kilikuwa kinarukaruka chenyewe, tu, tu, tu, kama kuna mtu ndani anagonga afunguliwe. Nikacheka. Kinywa changu hakiulizi ruhusa.

Mjomba akafungua jicho moja. "Unacheka nini?"

"Kikokotoo kinacheza, mjomba."

"Nzoka huyo," akasema, akafumba jicho. "Weka kikapu hapo. Uondoke."

Nzoka ni nyoka wa tumboni. Kwetu kila mtu anaye, ndivyo wanavyoamini wazee, na mtu akiumwa kitu chochote kati ya shingo na magoti basi nzoka wake amechachamaa, apewe dawa atulie. Mjomba alikuwa anamnywesha nzoka wake mizizi mwaka wa pili sasa. Alikuwa pia anaumwa mgongo, na huo nao ni nzoka, amejinyoosha. Watu wanaonunua pamba kwa kikokotoo cha jua, na bado wamefuga nyoka tumboni. Ningeweza kucheka mpaka nyumbani.

Sikufika nyumbani nikicheka. Kwa sababu barua yote nilikuwa nimeshaisoma, tangu siku niliyotumwa posta kuichukua, na kwenye ukurasa wa tatu ambao mjomba hakuufikia palikuwa na maneno haya: ukijilaza ukaona tumbo linadunda lenyewe kama moyo, usingoje.

Hapa ningependa kuandika kwamba nilikimbia kurudi ghalani, nikapiga magoti, nikasema ukweli. Nilichofanya ni kwenda kucheza mpira. Siku ya pili nikacheza tena. Nilikuwa nampigia mjomba mahesabu: si yeye aliyesema nichome? Si ana miwani kwenye pikapu? Si ana mganga? Nilikuwa na sababu nyingi kuliko wakili, na kila nikijilaza kitandani nilikuwa naweka daftari tumboni kuangalia kama linaruka. Lilikuwa haliruki. Nikamdharau mjomba kwa tumbo lake, na mimi mwenyewe nikajidharau kidogo, jambo ambalo sijalizoea.

Siku ya tatu nikapata ujanja wa kiwango changu. Nikaitoa barua kwenye daftari, nikaipenyeza ndani ya kitabu cha nyimbo cha mama. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mama ataikuta, atanipa niisome, nitaisoma yote kama vile ndiyo kwanza naiona, nitashangaa pamoja naye, na yale maneno mawili yatakuwa yamerudi mahali pake bila kumtia mtu aibuni. Kwamba angeweza kuisoma mwenyewe halikunijia. Mama alipita kisomo cha watu wazima zamani, kile cha kuimba a, e, i, o, u kwenye ofisi ya kata. Ana cheti, amekificha pamoja na vitenge. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba anajua kusoma kama vile ninavyojua kuogelea: anaweza, ila si vizuri umwangalie.

Aliikuta Jumapili baada ya kanisa. Hakuniita. Akabeba kigoda akakaa nje ukutani, upande wenye kivuli, akaifungua barua mapajani, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

Nilikuwa mlangoni nasafisha viatu. Nilivisafisha viatu vile mpaka vikakaribia kutoboka. Kidole cha mama kilikuwa kinatembea kama mtu anayevuka mto asioujua, kinatua, kinangoja, midomo inasema kitu, kinasogea. Salamu zote alizisoma, hata za ng'ombe. Ukurasa wa pili kidole kikashuka mstari, kikashuka mstari, kikafika. Kikasimama. Midomo ikasema. Kikarudi nyuma maneno matatu, kikaja tena, kikasimama palepale.

Hakunitazama. Hilo ndilo lililoniua. Akaendelea mpaka ukurasa wa tatu, mpaka jina la chini, akaikunja.

"Vaa hivyo viatu," akasema. "Twende."

Ghalani walikuwepo wale wale, kama vile walikuwa wamegandia pale wakiningoja. Karani, dereva, na jirani na kikombe. Mama akawasalimia mmoja mmoja, "Mwadila," nao wakaitikia wakijua kuna jambo, kwa sababu alikuwa bado na kanga za kanisani. Mjomba akaniona, akataka kuinuka aondoke.

"Kaka, kaa," mama akasema. "Barua ya kaka haikuisha. Huyu mtoto hakuisoma vizuri. Anaisoma tena."

"Sitaki kusikia habari za huyo mtu na uchafu wake."

"Hutaki kusikia habari za baba?"

Mjomba akakaa.

Nikasoma. Sauti ilikuwa inatoka kwenye magoti. Nikafika ukurasa wa pili, nikasoma "mshipa mkubwa wa damu," na yale maneno mawili yalikuwa mazito kama jiwe la mizani. Karani akainua kichwa. Nikaendelea. Mjomba wa Uingereza aliandika kwamba siku moja ilikuja bahasha ya hospitali, akadhani wanataka kumfukuza nchini, akakaa nayo siku mbili bila kuifungua. Kumbe ilikuwa inamwita kupimwa, kwa sababu ametimiza umri ambao wanaume wa kule huitwa. Akashangaa, haumwi, anaitiwa nini. Akaenda amevaa suti. Binti mmoja mdogo akamwambia alale, akampaka tumboni kitu cha baridi kama uji uliolala, akawa anapitisha kidude juu yake na kuangalia kwenye kioo kilichojaa kitu kama mvua.

Binti akasema kuna mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo kupeleka damu chini, unaitwa aota, na wa kwake umepanuka hapa tumboni kama tairi la baiskeli lililochoka upande mmoja. Unaweza kukaa hivyo miaka bila kuuma. Unaweza pia kupasuka, na ukipasuka mtu anaondoka amesimama.

Halafu akamuuliza, baba yako alifariki vipi.

"Sijaulizwa habari za baba tangu nije huku," nikasoma. "Nikamwambia alikuwa anatenga ndama zizini, akashika mgongo, akaanguka. Hakuwa anaumwa. Yule binti akaacha kuandika. Akasema ndiyo, inaelekea ni huo huo. Mdogo wangu, mimi na wewe tulimwosha baba. Unakumbuka tumbo lake lilivyokuwa limevimba."

Hakuna aliyekuwa anakohoa sasa. Pale ghalani kila mtu alikuwa anajua babu yangu alirogwa. Mganga alimtaja jirani yake wa enzi hizo, mtu huyo akahamia Sola na watoto wake wote, na kwenye mahame yake mpaka leo watu wanachungia mbuzi. Mtu anafukuzwa kwenye ardhi yake kwa sababu ya tairi la baiskeli. Nilifurahi sana, kwa sekunde moja, kuona kwamba si mimi peke yangu mjinga wa ukoo huu.

Nikasoma ile ya tumbo kudunda. Mjomba alikuwa ameshaweka kiganja pale, ndani ya shati, bila kujua.

"Kwa hiyo si wa huko chini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Si wa huko chini," mama akasema.

"Na wewe ulijua?" Ananiuliza mimi.

"Nilijua, mjomba."

Nilingoja kofi. Mjomba akamgeukia dereva akamwambia akatazame maji kwenye rejeta ya pikapu.

Hospitali yetu walimgusa tumbo, daktari akakunja uso, akasema kuna zahanati binafsi Mwanza imeleta mashine mpya, aende leo, asibebe kitu kizito njiani. Tukaenda wanne, dereva kwenye usukani, mama katikati, mimi nyuma na upepo, pamoja na tairi la akiba, ambalo nililiangalia njia nzima. Zahanati yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la redio, na dada wa mapokezi alikuwa na kucha nyekundu na dharau ambayo hata mimi niliionea wivu. "Mnaumwa nini?" akauliza, kama vile kuumwa ni jambo la watu wa mikoani.

"Tumekuja kupimwa," mjomba akamjibu. "Hatuumwi."

Sentimita nne na nusu. Daktari alimwonyesha kwenye kioo, na mvua ilikuwepo kweli. Akasema haujafika pa kupasuliwa. Aache sigara, aache kuinua magunia, ameze vidonge vya presha kila siku, arudi kila baada ya miezi sita apimwe. Ukikua zaidi atamwandikia kwenda Dar. Na mgongo ukimuuma ghafla kuliko kawaida, asimtafute mganga, atafute gari.

"Na huku chini?" mjomba akauliza.

"Huko chini huna kitu, mzee."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba huku chini sina kitu. Na mhuri."

Daktari akamwangalia mama, mama akaangalia dirishani. Akaandika. Karatasi ile mjomba aliitumbukiza mfuko wa ndani wa koti, na ninaandika haya nikiwa kidato cha nne, na imeshapelekwa Kalemela, imesomwa mbele ya wazazi wa binti, imerudi na alama za vidole vya wavuvi. Mkulima akimuuliza leo sentimita ngapi, mjomba anajibu, "Nne na nusu, aota," kwa majivuno, kama mtu anayetaja ekari zake. Mizani imeanza tena kuwa na njaa, lakini magunia anainua karani.

Siku ile tukirudi tulisimama Lamadi tukala samaki. Mjomba alikula wake akaenda kuzungumza na watu wa kibandani, akiwaonyesha tumbo. Nikabaki na mama. Alikuwa hajaniambia neno tangu ghalani, zaidi ya "sogea" na "shika hiki". Mimi ukimya siuwezi. Nikamwambia walau bila mimi kuiweka ile barua kwenye kitabu cha nyimbo, mjomba angekuwa bado anamnywesha nyoka. Na kwamba sikujua kama angeisoma mwenyewe.

Mama akamaliza kumchambua samaki wake. Akapanga miiba pembeni ya sahani, akafuta vidole, akasema:

"Nilijifunza kusoma ukiwa mgongoni kwangu, unanikojolea. Na sikuruka neno."